Dhoruba isiyoweza kupindua gari: sayansi ikae wapi ndani ya hadithi?

Swali: Ninaandika hadithi ya maneno 6,000 kuhusu Salma, fundi wa mitambo ya hewa katika makazi ya watu 12 kwenye sayari ya Mirihi. Dhoruba inapiga, gari linapinduka, naye anatoka kwenda kuwaokoa wenzake akiwa na roboti, huku akiongea na kituo cha Dunia kwa redio. Nimewapa watu wawili waisome. Mmoja amesema kurasa tatu za mwanzo ni kipindi cha fizikia. Mwingine, aliyesomea sayansi, amesema dhoruba hiyo haiwezekani. Nikiondoa sayansi, hadithi inabaki tupu, nikiiacha, inachosha. Nifanyeje? Na jambo dogo: roboti niandike "amefika" au "imefika"?

Jibu: Hao wasomaji wako wamelalamikia kitu kimoja, ila kila mmoja amekiona kwa upande wake. Maelezo umeyarundika huku, tukio la kusisimua liko kule, na baina yao hakuna kamba. Maelezo yanachosha kwa sababu hayasababishi kitu, na tukio haliaminiki kwa sababu halikusababishwa na kitu. Tuanze na dhoruba. Ukiirekebisha ipasavyo, nusu ya tatizo la kurasa tatu itaondoka yenyewe. Hilo la roboti umeliita dogo; nimeliweka mwisho, na si kwa sababu ni dogo.

Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno. Kanieneo yake, yaani nguvu ambayo hewa hukandamiza nayo, haifiki hata asilimia 1 ya ile ya usawa wa bahari duniani. Mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ina gramu 20 hivi, wakati ya Dunia ina kilo 1.2, yaani mara 60. Msukumo wa upepo hutegemea uzito wa hewa na mraba wa mwendo wake. Upepo mkali wa Mirihi hukaribia kilomita 100 kwa saa. Gawanya 100 kwa kipeuo cha pili cha 60, ambacho ni 7.7 hivi, unapata 13. Basi upepo huo mkali utamsukuma Salma kama ambavyo upepo wa kilomita 13 kwa saa ungemsukuma duniani. Upepo wa namna hiyo hutikisa majani na kuchezesha nguo kwenye kamba. Gari halipindui.

Hapa waandishi wengi hufanya moja kati ya makosa mawili. Wengine huifuta dhoruba kwa hasira. Wengine huiacha kama ilivyo na kujitetea kwamba hadithi ni ya kubuni. Jiulize badala yake: dhoruba ya Mirihi hufanya nini hasa? Huinua vumbi jembamba sana, nalo huning'inia angani kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, likizuia mwanga wa jua. Mwaka 2018 vumbi lilizingira sayari nzima. Chombo cha Opportunity, kilichokuwa kikitembea huko tangu 2004 kwa umeme wa jua, kilisikika mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo. Hakikugongwa wala kupinduliwa. Kilikosa mwanga, betri zikaisha, kikanyamaza.

Dhoruba ya kweli, basi, haina kishindo. Inazima umeme polepole, na mhusika wako ni fundi wa mitambo inayokula umeme. Hadithi uliyokuwa ukiitafuta nje kwenye gari ilikuwa ndani ya nyumba muda wote.

Sasa chukua karatasi tupu upige hesabu, nami nitakuonyesha hesabu za Salma. Mtu mzima hutumia karibu gramu 840 za oksijeni kwa siku. Watu 12 wanahitaji kilo 10. Kupata oksijeni hiyo kwa kuvunja maji kwa umeme, utatumia lita 11 na kidogo za maji, na umeme wa uniti 65 hivi kwa siku kwa mtambo wa kawaida. Wakati huohuo kila mtu hutoa karibu kilo 1 ya hewa ukaa kwa siku, na kuiondoa hiyo ni kazi ya mtambo mwingine, unaotaka umeme wake.

Tuseme mitambo yote miwili imesimama, na sehemu wanayoishi ina mita za ujazo 600, yaani vyumba kumi vya mita tano kwa nne, dari mita tatu, vyenye hewa ya kanieneo kama ya duniani. Kilo 12 za hewa ukaa huchukua nafasi ya mita za ujazo 6.6 hivi. Kila siku inayopita, kiwango chake hupanda kwa asilimia 1.1. Siku ya tatu kimevuka asilimia 3: watu wanahema kwa kina bila kujua kwa nini, vichwa vinauma. Siku ya saba kinakaribia 8, kiwango ambacho mtu huchanganyikiwa na anaweza kuzimia. Oksijeni nayo siku hiyo imeshuka kutoka asilimia 21 hadi 12 hivi, hali mbaya, lakini hewa ukaa ndiyo imetangulia kuwaangusha.

Umeona hesabu imekupa nini? Imekupa siku saba, na mfululizo wa dalili za mwili kwa kila siku. Imekupa pia fundi anayekosea kujumlisha siku ya tano huku akiamini akili yake iko sawa. Na kwa kuwa mtu aliyelala hutumia hewa kidogo kuliko anayefanya kazi ya nguvu, imekupa amri ambayo lazima mtu aitoe: nani alale na nani aendelee kufanya kazi. Tayari una ugomvi, na haujahitaji mtu mbaya. Adui wa asili, kama dhoruba au baridi au ombwe, hana nia, kwa hiyo hawezi kubishana na mtu. Hadithi nyingi za aina hii hulala katikati kwa sababu hiyo. Kinachobishana ni mgawo: kilichobaki hakitoshi, nani apewe?

Karatasi ile ya hesabu ihifadhi. Igawe safu tatu: nilichobadilisha, kinachofuata kwa lazima, anayeumia. Safu ya tatu ikiwa tupu kwenye mstari fulani, mstari huo ni elimu nzuri kwako na hauna kazi katika hadithi. Ukurasa mmoja au miwili inatosha kwa maneno 6,000. Anayejaza daftari zima kabla ya kuandika aya ya kwanza mara nyingi anaogopa aya ya kwanza.

Turudi kwenye kurasa tatu. Chukua kalamu ya rangi, pigia mstari kila sentensi inayoeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi au kilivyoanza. Kwa kila moja jiulize: nikiifuta, kuna uamuzi wa mhusika utakaokosa maana? Kama hakuna, ihamishie kwenye karatasi ya hesabu. Kama upo, isogeze hadi aya iliyo kabla kidogo ya uamuzi huo. Usishangae ikibaki sentensi tano kati ya hamsini. Tofauti itakuwa kama hii. Hivi ndivyo rasimu nyingi huanza:

"Makazi yalitegemea mtambo uliotumia umeme wa jua kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kila mkazi alihitaji gramu 840 za oksijeni kwa siku, hivyo mtambo ulipaswa kuzalisha kilo kumi."

Na hivi ndivyo inavyoweza kuanza:

"Taa ya tangi ilikuwa ya manjano tangu zamu ya kwanza. Salma alihesabu vichwa mezani. Kumi na viwili. Akahesabu tena, kana kwamba safari hii kimoja kingepungua, kisha akaona haya kwa kuhesabu."

Gramu 840 hazionekani popote, lakini bila wewe kuzijua usingejua taa iwe ya manjano au nyekundu. Msomaji ameshaanza kujiuliza tangi lina nini. Mwache ajiulize kwa aya mbili, halafu mpe jibu fupi. Maelezo yaliyotangulia swali huitwa somo, na yaliyokuja baada ya swali hupokelewa kama chakula kwa mwenye njaa. Jihadhari pia na mazungumzo ya "kama unavyojua": mafundi wawili hawaelezani kazi wanayoifanya wote kila siku. Wanabishana juu yake, wanalaumiana, wanakatizana. Ukitaka habari itoke mdomoni mwa mhusika, mpe sababu ya kuisema kwa hasira.

Kiswahili kina kiambishi kimoja kinachobeba ulimwengu mzima bila kuueleza, nacho ni hu-. "Maji ya kuogea hugawiwa Jumamosi." Kwa maneno matano msomaji amejua kwamba maji ni haba, kuna mwenye mamlaka ya kuyagawa, na hii si dharura, ndivyo watu wanavyoishi. Hukuhitaji kuongeza "kila mara" au "kwa kawaida" ili kufika hapo. Tumia hu- kwa desturi za makazi na -li- au -ka- kwa yanayotokea sasa, na siku mgawo wa maji utakapobadilika, msomaji atasikia mpasuko hata usipousemea. Ila ukizidisha mara mbili kwa ukurasa umerudi darasani.

Majina ya vifaa ni mtego mwingine. Mwandishi huunda "Mfumo Unganishi wa Udhibiti wa Hewa" kwa herufi kubwa, halafu analazimika kuuandika mara arobaini. Watu wanaoishi na kifaa hufupisha jina lake au hukitania. Mtambo wa kuondoa hewa ukaa wangeuita pafu. "Pafu limekohoa tena usiku" ni sentensi moja, na imeshasema kifaa ni nini, kinafanya nini na kinaumwa nini. Jina refu liache kwenye kibandiko cha kiwandani, lisomwe mara moja. Kabla ya kukubali neno jipya, lijaribu: lina wingi? linapatana vizuri na vitenzi? mtu aliyechoka anaweza kulitamka haraka? Maneno mapya manne au matano yanatosha hadithi ya urefu huu, na kila moja litokee mara ya kwanza karibu na kitenzi kinacholifafanua.

Saa itakusumbua, na usumbufu huo una faida. Siku ya Mirihi ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Saa zetu tunazihesabu kuanzia macheo, kwa hiyo saa moja asubuhi ina maana huko kama ilivyo na maana hapa, lakini zile dakika 39 za ziada utaziweka wapi? Fundi akiendelea kufuata saa ya Dunia, baada ya siku 36 hivi atakuwa amezunguka duara zima na kurudi alipoanza, na katikati ya mzunguko huo mchana wake ni usiku wa jua lililo nje. Amua kama makazi yanarefusha kila saa kidogo, au yanasimamisha saa usiku na kuziacha dakika 39 zisizo na jina. Hilo la pili linavutia: ni nani anayefanya kazi katika dakika ambazo hakuna saa ya kuzirekodi? Vivyo hivyo kwa misemo. Mtoto aliyezaliwa huko atasema "dalili ya mvua ni mawingu" bila kuwahi kuona mvua, na mzee anayemsikia atanyamaza. Usiieleze sehemu hiyo.

Uzito wa vitu hauhitaji maneno mengi. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya ule wa Dunia, kwa hiyo kikombe kikianguka kutoka meza ya mita moja huchukua sekunde 0.73 kufika chini badala ya 0.45. Muda huo unamtosha mtu mwepesi kukidaka. Onyesha mara moja mapema Salma akidaka kitu bila kukitazama, kisha siku ya sita, akili imelemewa na hewa ukaa, akikikosa. Huhitaji kutaja asilimia 38.

Redio na kituo cha Dunia lazima uiandike upya. Mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na bado ujumbe huchukua dakika 3 Mirihi ikiwa karibu kabisa na Dunia, hadi 22 ikiwa mbali. Swali na jibu ni kati ya dakika 6 na 44. Mazungumzo ya kupokezana hayapo. Kuna barua za sauti, na kila barua inajibu hali iliyokwisha kupita. Hilo linakupa msiba mdogo mzuri: ushauri sahihi unaofika baada ya uamuzi. Na ukitaka Salma awe peke yake kabisa, usivunje antena. Kila baada ya miezi 26 hivi Jua hukaa kati ya sayari hizi mbili, na mawasiliano na vyombo vya huko husimamishwa kwa takriban wiki mbili. Weka siku zako saba humo. Kuharibika kwa redio kwa bahati mbaya ni kitu ambacho wasomaji wa hadithi hizi wameshakizoea, na wanakihesabu dhidi yako.

Hii haina maana kwamba kila kitu kiwe sahihi. Bunilizi ya kisayansi inaruhusiwa uongo mmoja mkubwa, na msomaji huukubali ukimpa mapema na ukaufuata hadi mwisho. Usipoteze nafasi hiyo kwa upepo. Uongo wako wewe ni roboti anayeelewa watu. Usieleze ndani ya kichwa chake kuna nini. Maelezo ya namna hiyo huzeeka haraka, na anayejua fani atacheka. Eleza mipaka: anaweza nini, hawezi nini, anagharimu nini. Ukijua anakula uniti 8 za umeme kwa siku (idadi ni yako, ila iandike usiibadilishe), tayari ameingia kwenye ule ugomvi wa mgawo.

Wokovu wa mwisho nao una kanuni ngumu kuliko inavyoonekana. Kifaa au ujuzi utakaowaokoa lazima msomaji awe ameuona katika theluthi ya kwanza, ukitumika kwa jambo dogo lisilohusiana na hatari. Ukiuonyesha ukurasa mmoja kabla, umedanganya. Ukiuonyesha mapema kwa mbwembwe, umefichua. Namna nzuri ni kuuficha ndani ya kero: Salma anamgombeza mtu kwa kuacha unga wa kunyonyea hewa ukaa wazi, unga wa akiba wa mavazi ya nje ambao hauhitaji umeme. Msomaji anakumbuka ugomvi, unga anausahau. Na uwe kidogo: utoshe watu 12 kwa siku mbili, au watu wawili kwa siku 12. Unga ukitosha wote kwa siku zote, umewaokoa wahusika na kuizika hadithi.

Rasimu ya pili ikikamilika, isome kwa sauti. Panapokupotea pumzi, mara nyingi ni sentensi yenye sayansi iliyobanwa kwa "ambayo" tatu. Kisha mpe yule msomaji wa sayansi karatasi ya hesabu peke yake, bila hadithi, akague namba. Yule mwingine mpe hadithi bila karatasi. Usimuulize kama ameipenda. Mwambie aweke alama alipotaka kuruka mistari, na akueleze kwa maneno yake watu walikuwa wanakufa kwa nini. Akisema "oksijeni iliisha" wakati ni hewa ukaa, kuna sentensi moja imepungua mahali, si ukurasa.

Na sasa roboti. Neno lenyewe lilianza katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, likitokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti, na roboti wake hawakuwa vyuma. Walifanana na watu. Kwa hiyo swali la kama ni mtu au kitu limo ndani ya neno tangu siku ya kwanza. Mwandishi wa Kiingereza hulicheza kwa viwakilishi viwili vitatu. Wewe lugha yako inakudai ulijibu katika kila kitenzi, kila kivumishi, kila kimilikishi: roboti yangu imechoka, roboti wangu amechoka. Usichague upatanisho mmoja kwa hadithi nzima kwa ajili ya usafi wa sarufi. Mpe kila mhusika wake. Mkuu wa makazi aseme "i-", kwa sababu kwenye orodha ya mali imeandikwa chini ya magari. Mtoto aseme "a-". Msimulizi abaki karibu na Salma, na Salma aanze na "i-". Pawe na mahali pamoja tu ambapo Salma anageuka na kusema "a-", na msimulizi asipaguse kwa maelezo. Mhariri asiyejua atakusahihishia; mwandikie kidokezo pembeni kwamba ni makusudi.

Mahali hapo unapajua sasa. Siku ya tano, betri zina uniti 8 za kugawa, pafu linazitaka na roboti anazitaka. Mkuu anatoa amri: "Izimwe." Salma anaifungua paneli, vidole vizito, kichwa kinagonga, na kabla ya kubonyeza anamwambia mkuu asubiri kidogo, hajamuaga.